Kurut ya Kompyuta ya Mwenye Kofia

Ak-Jar, 9 Novemba

Kubat, mtoto wa binti yangu,

Mifugo salama, roho salama? Sisi salama. Mjomba wako Mirlan kashapanda na kondoo kambi ya baridi. Ng'ombe mwekundu kazaa dume, hatukutaka dume, lakini nani alituuliza. Mke wa Mirlan, Asylkan, yuko hapa na mimi, mzima, kanenepa, anasema ni sweta. Anayeandika ni Zuura wa nyumba ya pili. Mkono wangu haujui kalamu, na simu unajua mwenyewe, inanizomea sikioni kama nyuki ndani ya kibuyu. Zuura anasema nisiseme haraka. Hajaambiwa anywe chai huku anaandika.

Haya. Sifuti. Hilo ndilo jibu.

Shamshy dereva kanishushia unga, kanishushia na maneno yako: "Kubat anasema ile kompyuta imekufa, ifutwe yote ianze upya, kama hutaki kuifuta nipe mimi nimpelekee mjini." Kasema hivyo mbele ya watu, mguu mmoja garini. Nikamwambia, Shamshy, wewe beba viazi.

Mimi sikusoma lakini hesabu ya siku naijua. Kompyuta hii wageni waliokuja kuhesabu kondoo wa mwitu walimwachia babu yako, Mwenye Kofia, baada ya majira sita ya kuwaonyesha milima. Ilikuwa nzima alipokuwa hai. Ilikuwa nzima alipokufa, mwaka juzi, theluji ya kwanza ya Septemba. Mwaka jana wote Asylkan aliifungua akacheza ule mchezo wa karata. Ikaja Julai, ukaja wewe, siku mbili. Ukalala chumba kile. Ukaondoka. Ikafa. Sasa inawaka, inazungusha viduara, inazima, inawaka tena, kama kuku aliyekatwa kichwa.

Sikusemi. Nahesabu tu.

Na humo ndani imo kereez yake, maneno yake ya mwisho. Watu wote huacha kereez mbele ya wazee watatu na mke. Yeye aliiacha mbele ya mashine na mbele yako wewe, maana mimi nilikuwa juu malishoni naanika kurut za mwisho, na Asylkan alikuwa zizi la mbali anakamua. Niliposhuka nilikuta keshafunikwa uso, mashine iko wazi kando yake. Nikakuuliza kasema nini. Ukasema: "Alisema nimchukue farasi wa kijivu." Ukamchukua. Mimi nikanyamaza, maana jeen ni jeen, mtoto wa binti akinyoosha kidole kwa babu yake anapewa. Lakini wahenga wetu hawakuwa wajinga waliposema kuliko aje jeen, heri waje mbwa mwitu saba.

Miaka hii miwili sikuthubutu, sasa nataka kumsikia mwenyewe. Nasikia wewe unataka afutwe.

Itengeneze bila kufuta. Kula vizuri. Mkate unaooka usiuonje wote.

Bibi yako Kalbubu


Bishkek, 27 Novemba

Bibi yangu mpendwa,

Salaam aleikum. Natumaini mifugo na roho zote ziko salama, na ndama dume anaendelea vizuri. Mimi mzima. Tanuri letu linaoka mikate elfu moja kwa siku, nyusi zangu zimeungua lakini zitaota. Mama amenipigia kutoka Kochkor, anakusalimu. Farasi naye mzima, yuko kwa baba.

Bibi, naomba unielewe. Ndani ya kompyuta kuna kitu kinaitwa mfumo endeshi. Ndicho kinachoiamsha na kuiambia macho yako hapa, mikono yako hapa. Kimeharibika. Dawa ni kukiweka upya, na ili kukiweka upya lazima kwanza mtu atengeneze flashi kwenye kompyuta nyingine ya jamii ileile. Hapo kijijini iko ya shule tu, nayo ni ya jamii nyingine, haielewani na hiyo. Mimi hapa sina. Tajiri wangu ana moja, ya jamii ya tatu. Kwenye klabu za michezo hawaruhusu mtu achomeke kitu chake.

Kwa hiyo njia ni mbili: unipe mashine kwa mkono wa Shamshy, au tukubali imekufa. Kwa vyovyote vya ndani vitapotea. Ni mashine tu, Bibi. Babu yuko moyoni.

Kuhusu Julai, niliitazama tu.

Mjukuu wako, Kubat


Ak-Jar, 14 Desemba

Kubat,

Tuko wazima, mifugo mizima, ila mbwa kazeeka, anabweka upande ambao hakuna mtu. Theluji imefika dirishani. Barua yako Shamshy alikaa nayo siku kumi mfukoni, akaileta ina harufu ya kondoo. Nikamwuliza, umeisoma? Akaapa. Wanaoapa haraka nawajua.

Zuura kanisomea mara tatu. Mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa sauti ya kubembeleza, nikamwambia aache kukutia sukari, asome kama ulivyoandika. Mara ya tatu ndiyo nikaelewa.

"Niliitazama tu." Maneno mawili. Kijana wangu, wewe ukivunja kikombe ulikuwa unaeleza mpaka jua linatua. Ulipomwachia mbuzi wa Zuura aingie kabichi ulieleza siku mbili, ukaleta na mashahidi. Leo umefupisha. Kwa nini umefupisha?

Na mji mzima wa Bishkek, wenye taa barabarani, hauna kompyuta ya pili ya jamii hii? Hata nusu saa ya kuazima? Zuura anasema labda kweli. Zuura ni mwema, ndiyo maana kuku wake wanaibwa.

Mashine siitoi. Imo ndani ya sanduku langu la mahari, juu yake blanketi saba, juu ya blanketi nalala mimi.

Sasa sikiliza jambo. Nilipoolewa hapa nilikuwa na miaka kumi na minane. Baridi ile theluji ilifunga njia tangu Novemba. Mama mkwe wangu, Mungu ampe nuru, alikuwa na mdomo kama kisu cha kunyolea. Asubuhi moja nikaosha chungu cha mtindi, nikakiosha kikatakata, nikajisifu. Akaja akatazama ndani. "Mbegu iko wapi?" Nikasema mbegu gani? "Mbegu ya mtindi, we mwana wa watu! Bila kijiko cha mtindi wa jana, maziwa ya leo yatakuwa nini? Yatakuwa maziwa!" Nikalia. Nikataka kwenda kuazima kwa majirani, jua lilikuwa limeshatua, na wewe unajua kitu cheupe hakitoki nyumba ya mtu jua likishatua, baraka inafuata nyuma. Na majirani wenyewe nyumba ilikuwa moja, na walikuwa wamegombana na sisi kwa ajili ya punda.

Mama mkwe akaniacha nilie nikashiba. Halafu akaenda kwenye mfuko wa kurut uliotundikwa darini, ule mfuko usiotiwa chumvi, akachukua kibonge kimoja kikavu kama jiwe. "Hiki ni nini?" Nikasema kurut. "Na kurut ni nini?" Nikasema mtindi uliokaushwa. "Basi," akasema, "umeosha chungu, hujaosha akili." Akakiloweka kwenye maziwa vuguvugu, akakifunika na koti la mumewe. Asubuhi mtindi ulikuwa umeganda. Haukuwa mtamu, lakini uliganda, na wa kesho yake ukawa mtamu.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyesoma mwaka mzima habari za kompyuta kabla ya kukimbilia mkate. Aliyeitengeneza mashine hii, asiyejua itafika wapi, katika theluji gani, kwa majirani gani waliogombana, ina maana hakuiwekea kurut? Hakutundika kibonge darini? Ni mjinga kuliko mama mkwe wangu?

Jibu hilo. Usinijibu habari za moyo.

Kalbubu


Bishkek, 19 Januari

Bibi,

Salaam aleikum. Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi ya sikukuu, halafu nikaumwa kidogo, halafu Shamshy gari lilikwama.

Umesema kweli. Iko. Kuna sehemu ndogo iliyofichwa ndani ya mashine yenyewe, kiwandani waliweka nakala ya mfumo wake imekaa kavu, kama kurut. Haihitaji kompyuta ya pili. Nilikuwa nimesahau.

Asylkan afanye hivi. Aizime kabisa. Aibonyeze iwake, na hapohapo, kabla viduara havijaanza, abonyeze-bonyeze kitufe cha tisa cha safu ya juu. Utatokea ukurasa wa buluu wa Kirusi. Achague kutatua matatizo, kisha kurudisha mashine. Kisha achague "Ondoa kila kitu." Itauliza neno la siri. Nililiweka mimi, babu aliniomba. Ni jina lake mwenyewe, temirbek, linaloanza kama temir, chuma, herufi ndogo zote. Iachwe kwenye umeme mpaka imalize.

Hapo itakuwa mpya kabisa, mtaweza kutazama sinema.

Nakuomba radhi kwa yote, Bibi.

Kubat


Ak-Jar, 8 Februari

Kubat,

Salamu nakupa kwa sababu ya mama yako. Mifugo mizima.

Kwanza adabu. Zuura alikuwa anasoma vizuri, akafika mahali akakohoa. Nikasema soma. Akakohoa. Nikamwambia kunywa maji. Akasema, "Kalbubu, kaandika jina la mzee." Zuura naye ameolewa ukoo huu huu, hawezi kulitaja kama mimi nisivyoweza. Akamwonyesha Asylkan kwa kidole, Asylkan mkwe akaficha uso kwenye kitambaa. Miaka hamsini na moja nimeishi na yule bwana. Nimemwita Mwenye Kofia, nimemwita Baba wa Hawa, siku nyingine nimemwita mambo ambayo Zuura hataki kuandika. Jina lake halijatoka kinywani mwangu. Hata kile kitu cheusi kigumu cha viatu vya farasi, ambacho jina lake linafanana nacho, sikitaji. Natuma watoto dukani waniletee misumari ya "cheusi". Na wewe umelimwaga kwenye karatasi kama pumba. Umefanya nyumba yote ya wanawake iwe bubu.

Sasa la pili.

Tulifanya. Nilisogeza blanketi saba, tukaitoa, tukaiweka juu ya meza ya duara. Asylkan akabonyeza kitufe cha tisa. Mara ya kwanza alichelewa. Mara ya pili Zuura alipiga chafya, tukachanganyikiwa. Mara ya tatu, ukurasa wa buluu. Wallahi nilitaka kupiga vigelegele. Kurut ilikuwepo! Asylkan Kirusi anakijua, alioka keki Novosibirsk miaka miwili. Akasoma, akaenda, akaenda, akafika ulipotutuma.

Akaondoa kidole.

Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Mama, hapa kuna milango miwili." Nikasema milango gani? "Wa chini umeandikwa Ondoa kila kitu. Huo ndio Kubat katuambia." Na wa juu? "Wa juu unasema Hifadhi mafaili yangu. Mfumo unawekwa upya, na vitu vya mwenyewe vinabaki."

Niliketi, Kubat. Niliketi chini bila mto.

Mlango wa juu. Wa kwanza. Mtu akisoma kutoka juu kwenda chini anakutana nao kabla ya ule wako. Wewe ukauruka kama shimo. Uliniambia vya ndani vitapotea kwa vyovyote. Ulisema hakuna njia. Nikakupa njia ya kurut, ukasema ulikuwa umesahau. Sasa njia ya kurut ina mlango wa kutunza na mlango wa kuua, na wewe umetupeleka kwa mkono mpaka mlango wa kuua, na ukatuachia na funguo, na funguo ni jina la marehemu mwenyewe.

Asylkan akasema tubonyeze wa juu. Nikamwambia funika.

Kwa nini nimefunika? Maana kabla sijamsikia yeye nataka kukusikia wewe. Nakupa nafasi ambayo mbwa mwitu saba wasingepewa. Alisema nini? Farasi alimpa Mirlan, siyo? Ulisikia "Mirlan" ukatamka "Kubat"? Farasi ni farasi, ana miguu minne na siku za kufa. Kama umemchukua kwa uongo, sema, nitakutukana mchana mmoja yaishe. Lakini usiniache na mtu aliyemfunga kinywa marehemu, halafu mtu huyo awe ndiye niliyemchua mgongo kwa mafuta ya kondoo alipokuwa na kikohozi.

Nakungoja mpaka Nooruz, mwaka mpya wetu wa Machi. Siku ya Nooruz tunabonyeza wa juu, uwe umesema au hujasema.

Kalbubu

Zuura anasema niongeze salamu. Ongeza zako, Zuura, mimi zangu zimekwisha.


Bishkek, 3 Machi

Bibi,

Sina salamu za kutangulia. Naogopa nikianza na mifugo nitaishia kwenye mifugo.

Kompyuta ya pili ipo. Mpangaji mwenzangu anayo ya jamii hiyohiyo, inakaa futi tatu kutoka kitandani kwangu. Sikuwa nimesahau kitu chochote.

Babu siku ile alikuwa na akili zake. Alisema, "Washa ile mashine, nitoe kereez, bibi yako aje aikute kama hakuniwahi." Nikawasha. Lakini hakutoa kereez. Alianza kukuita. Alikuita kwa jina, Bibi, sijawahi kumsikia akikuita kwa jina. Halafu akanigeukia akasema: "Chukua farasi wa kijivu, ukamlete Kalbubu."

Hiyo ndiyo sentensi. Mimi nilikupa nusu.

Nilipanda. Nilifika mtoni. Theluji ilikuwa inaanguka, maji yamejaa, yana vipande vya barafu vinagonga miguu ya farasi. Farasi alitaka kuingia, Bibi. Yeye alikuwa anaingia. Mimi ndiye niliyevuta hatamu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua kuogelea. Nikasimama pale sijui muda gani. Nikarudi. Nikamwambia babu, "Yuko njiani, anakuja." Akatabasamu. Akaendelea kukuita ili usipotee kwenye theluji. Alfajiri akanyamaza.

Ulipouliza kasema nini, mdomo wangu ulifunguka ukasema maneno ya kwanza, ya farasi. Mengine yakakwama. Na wote mkaelewa kwamba nimepewa. Nikamchukua kwa sababu kumkataa kungenilazimu kueleza.

Julai nilikuja kuifuta sauti. Nilifungua mara moja, nikasikia anavyoanza, nikafunga kifuniko kwa nguvu nikachomoa betri. Mashine ilikuwa katikati ya kujisasisha. Ndivyo ilivyokufa. Sikuifuta. Sikuweza. Nikatumaini nyie mtaifuta bila kujua.

Bonyeza wa juu. Sauti iko kwenye kabrasha linaloitwa Babu. Ni ndefu, saa mbili na zaidi, mara nyingi ni kimya. Ukitaka usiisikilize peke yako.

Farasi ni wako. Niambie nimpeleke kwa nani.

Kubat


Ak-Jar, 21 Machi

Kubat, mtoto wa binti yangu,

Mifugo salama, roho salama? Sisi tumeiona Nooruz. Wanakondoo kumi na mmoja, pacha mmoja. Mirlan kashuka jana, kalala kama gogo. Yule dume wa ng'ombe mwekundu kageuka mtundu, anakula kanda za nguo. Sungura wa Zuura wameganda wote isipokuwa yule mbaya. Zuura anasema si mbaya. Andika, Zuura.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita. Sikujibu. Nilikwenda nikakaa zizini. Asylkan akaja kunifunika shuka, nikamwambia nenda. Nilifikiri mengi ambayo sitayasema, mengine ni ya kwako na mengine ni ya kwangu. Maana nakwambia kitu: kurut zile zilikuwa zimeshatosha. Mifuko mitatu ilikuwa imejaa. Mirlan aliniambia, Mama shuka, mzee anakohoa. Nikasema nimalize na chungu hiki. Mwenye kuvuta hatamu siku ile hukuwa peke yako.

Basi hilo.

Nimekushuku baridi nzima kwa kitu ambacho hukukifanya, na ulichokifanya sikukiwazia hata siku moja. Ndiyo taabu ya kushuku, macho yanakodoka kwenye zizi, mwizi yuko jikoni. Nikakuona mwizi wa farasi! Wewe, ambaye ukipewa pipi mbili unaulizia ya pili ni ya nani.

Leo asubuhi tumefanya. Asylkan kabonyeza kitufe cha tisa, sasa anakipata mara ya kwanza, ana majivuno kama fundi. Ukurasa wa buluu, milango miwili, wa juu. Mashine ikasema: neno la siri. Haya! Wanawake watatu tumeizunguka kama mtoto mgonjwa. Nikamwambia Asylkan, huna haja ya kulitaja, ligonge tu kwa kidole. Akasema, "Mama, kidole nacho ni cha mkwe." Zuura akasema macho yanamwuma. Mirlan ndiye angeweza, ni baba yake, lakini nakwambia analala kama gogo, nilimvuta masikio yote mawili.

Ndipo Shamshy akapiga honi. Nikatoka na mkongojo. "Shamshy! Wewe ni wa ukoo gani?" Akasema, "Bibi, miaka kumi nakuletea unga." Nikamwambia sijauliza unga, nimeuliza ukoo. Akataja wa kwao, wa ng'ambo ya mlima, mbali na sisi vizazi saba na zaidi. Nikasema ingia, vua viatu, andika jina la mume wangu.

Akakaa mbele ya mashine. Barua yako yenye jina nilishaitia motoni. "Jina gani?"

Tukasukumana viwiko.

"Jamani, jina gani?"

Nikamwambia: ni kile cheusi kigumu farasi anachovaa miguuni. Shamshy akawaza, akaandika "kiatu". Mashine ikakataa. Asylkan akasema, siyo chenyewe, kinachotengenezwa nacho. Akaandika "msumari". Mashine ikakataa. Zuura akasema we mjinga, gari lako lote ni hicho! Akaandika "kutu". Nikampiga na mkongojo. Mwisho akacheka, akasema, "Kumbe mnamsema mzee," akalitaja lenyewe, "si mngesema!" Sisi watatu tukaziba masikio, yeye akagonga, mashine ikakubali. Nilimpa boorsok, maandazi yetu, sahani nzima na sumolok, uji mtamu wa Nooruz, wa kumpelekea mkewe. Kasema ataieleza habari hii kila kijiji mpaka Naryn. Ataieleza, namjua.

Ilikaa masaa manne inajipika. Sikuondoka. Niliifunika na koti lake, Asylkan akasema itapata joto iungue, nikaliondoa. Ilipoamka ilikuwa na sura mpya, ya kitoto, haijui lugha yetu, haijui saa ngapi. Lakini Asylkan anasema ndani vitu vimo vyote. Yuko chumba cha pili, anatafuta kabrasha lako, kaunganisha na kile kipaza sauti cha harusi cha Mirlan, ili nisikie mimi mwenye nyuki masikioni.

Kwa hiyo nakujibu kuhusu farasi, upesi kabla hajamaliza.

Usimlete kwa lori. Usimpe Shamshy. Kazi uliyotumwa hujaimaliza, Kubat, na babu yako hakuwa mtu wa kutuma mara mbili. Alisema umchukue wa kijivu, ukamlete Kalbubu. Umemchukua. Bado Kalbubu. Theluji ikiyeyuka mto utajaa, uache upungue, Juni mwanzoni. Njoo umempanda kutoka Kochkor, siku tatu, ulale kwa watu. Uvuke pale pale uliposimama. Farasi anajua, mwachie kichwa. Uje mlangoni hapa unipandishe nyuma yako, mimi si mzito tena, unipeleke kilimani, kaburini kwake. Nimefika huko kwa miguu, nimefika kwa gari la Mirlan. Kwa kuletwa sijafika.

Halafu farasi ni wako. Hapo utakuwa umepewa.

Na uje na mkate wa hilo tanuri lenu, nione kama nyusi zako zimeungulia kitu cha maana. Na ukifika ujifunze kuogelea, mjomba wako atakufunga kamba. Na mama yako umwambie ile shali ya

Ngoja. Zuura, umesikia? Nani ananiita?

Asylkan hawezi kuniita hivyo, jina tupu. Nyumba hii hakuna tena mtu wa kuniita jina tupu.

Anaita tena. Yuko kwenye theluji huyu, sauti yake ina baridi. Nipe mkongojo. Acha, acha mkongojo. Weka kalamu, Zuura, au andika, mimi sijali, mwache mtoto ajue nimesema. Abee! Abee, Temirbek! Nimesikia, usiite tena, nakuja.